Skana Haikukosea

9 Januari

Daktari wangu,

Usishtuke kuona bahasha. Hakuna aliyekufa, hakuna anayeumwa, nyumba haijaungua. Nimeandika kwa sababu nimechoka na simu. Hebu fikiria tunavyoongea tangu uende huko masomoni: "Unanisikia?" "Sikusikii." "Sasa je?" "Nusu nusu." Tukija kuelewana, ama mtandao umekata, ama wewe unaitwa darasani. Nakata simu nikiwa na njaa ya maneno zaidi kuliko nilivyokuwa kabla ya kuipokea.

Basi nimeona tuandikiane. Yule kondakta mnene wa treni ya masafa marefu anafika mji wenu kila wiki, na amekubali kuwa tarishi wetu. Amesema hadai chochote, ila tukipata mtoto tumpe heshima ya kumbeba kwanza. Nimemwambia mtoto hapatikani kwa barua. Amecheka mpaka kofia ikamdondoka.

Nyumbani ni kule kule. Bomba la jikoni bado linalia usiku kucha, na nimeliacha lilie, maana bila hilo nyumba ni kimya mno. Upande wako wa kitanda sijaugusa. Nalala pembezoni kama mgeni aliyeambiwa asichafue shuka.

Kazini stesheni ni salama. Soma, usiwe na wasiwasi wowote juu yangu.

Mumeo

---

21 Januari

Mume wangu, Sauti ya Stesheni,

Barua yako imefika ikinukia biskuti za kondakta. Nimeisoma kwenye ngazi, nikaisoma tena chumbani, na mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Umenipa raha, lakini umeninyima kitu. Unajua nilivyokupata. Nilikuwa nakaa stesheni ile nikisubiri treni ya kwenda chuoni, na wewe ulikuwa ndani ya kile kibanda cha kioo ukitangaza, "Abiria wa treni ya saa sita, sogeeni jukwaa la pili." Nilikuwa sijaiona hata sura yako, nikasema moyoni, mtu huyu akiniambia nisogee, nasogea. Sasa nakusoma bila kukusikia. Ni kama kupewa sahani ya picha ya chakula. Hata hivyo, andika. Usiache.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, dirisha linatazama uwanja wa kuanikia nguo. Rafuni nimeiweka ile sanamu ya plasta ya meno yako. Unakumbuka nilivyoitengeneza? Nilikujaza mdomo ule unga uliokorogwa wa rangi ya waridi, nikakwambia utulie mpaka ugande, ukatokwa machozi na mate, ukanikodolea macho kama mtu anayezikwa hai. Siku hizi tunajifunza kuachana na mateso hayo. Kuna skana, kifimbo kinene kidogo kuliko mswaki. Unakipitisha juu ya meno, kinapiga picha nyingi sana mfululizo, kompyuta inaziunga, na mdomo mzima unatokea kwenye kioo.

Swali ambalo wakubwa wanabishania ni hili: picha hiyo ni ya kweli kiasi gani? Kwa jino moja au matatu, skana nzuri hukosea kwa kipimo kidogo kuliko unene wa unywele. Lakini ikizunguka taya lote, kila picha inashikizwa kwenye picha iliyotangulia, na makosa madogo madogo yanarundikana. Ndiyo kazi yangu ya kumalizia masomo: kulinganisha picha za skana na sanamu za plasta, nione zinaachana wapi.

Na hapo nakuhitaji. Daktari Mrefu, yule niliyesoma naye, mwenye kliniki mkabala na stesheni, amenunua skana. Vuka barabara tu, ukae kwenye kiti, msaidizi wake akupige picha, wanitumie. Sanamu yako ninayo hapa, kwa hiyo nitailinganisha. Haiumi, hainuki, haitapishi.

Nikwambie ukweli, utafiti ni nusu ya sababu. Nusu nyingine, nimekukosa. Nataka kukuona hata kwa ndani ya mdomo.

Mkeo

---

3 Februari

Daktari wangu,

Mimi niliomba barua, wewe unataka fizi. Wanawake wengine wanaomba picha ya mume kavaa suti.

Kazi imebana kidogo. Kuna binti mpya kaajiriwa hapa stesheni, ananisaidia kutangaza, nami nashughulika na mengine. Ndiyo maana sijapata nafasi ya kuvuka barabara. Halafu hebu niambie, hakuna mwingine wa kupigwa picha? Mji huu una midomo mingi, na mingi haina kazi.

Lakini nimesoma tena pale uliposema umenikosa. Basi. Jumamosi picha itapigwa. Soma vizuri, umalize, urudi. Leo nilipita sokoni nikamwona mwanamke kwa nyuma, kitambaa kama chako, mwendo kama wako. Nilimfuata mpaka kwenye mbogamboga. Alipogeuka nikajifanya naulizia bei ya vitunguu. Nimerudi na vitunguu vingi sana.

Mumeo

---

24 Februari

Mume wangu,

Umefika! Nilikuwa maabara, nikafungua, ukajaa kioo kizima. Nilikugeuza huku na huku, nikakutazama kwa chini, kwa juu, nikaenda mpaka kwenye magego. Yale meno yako mawili ya mbele yaliyopishana kidogo, kama watu wanaogombania kutoka mlangoni, yapo. Wenzangu wamenicheka. Waache. Wiki nzima sasa, kabla ya kuanza kazi nakufungua kwanza nikuamkie.

Ila kuna tatizo, na limeninyima raha.

Nimeilalisha picha yako juu ya picha ya sanamu ya plasta. Kompyuta inapaka rangi: panapofanana inapaka kijani, panapoachana inapaka nyekundu. Mume wangu, umekuwa mwekundu kama pilipili. Kwa jicho ni mdomo ule ule. Kwa kipimo, mahali pengine tofauti inakaribia milimita nzima. Hilo si kosa la unywele, ni kosa la kamba. Taji la jino likitengenezwa kwa picha ya namna hiyo halitaingia, na mgonjwa atatafuna upande mmoja mpaka taya limuume.

Mwalimu wangu ameangalia, akasema, "Mashine ya rafiki yako ni mbovu. Andika hivyo kwenye ripoti." Ripoti hizi zinasomwa na madaktari wenzetu. Daktari Mrefu ameifunga kliniki ya zamani na kuanza upya kwa ajili ya mashine hii. Nikiandika, namharibia jina.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu bila mzaha: tangu niondoke, kuna kitu kimetokea mdomoni mwako? Umeng'oa jino? Umeanguka? Umeziba popote?

Mkeo

---

5 Machi

Mke wangu,

Hakuna kilichotokea. Mashine hizi mpya ndivyo zilivyo, zinang'aa lakini hazifai. Andika tu walivyokwambia.

Mvua inanyesha hapa. Abiria wamekaa sakafuni wamejikunyata, treni imechelewa. Nimewatazama wake na waume waliokaa pamoja, hata wanaogombana, nikawaonea wivu.

Mumeo

---

20 Machi

Mume wangu,

Sikuandika walivyoniambia. Mkono ulikataa.

Nilimpigia Daktari Mrefu, nikamweleza. Hakukasirika. Ana kipande cha chuma chenye umbo la taya, kilichopimwa kiwandani, kwa ajili ya kuijaribia skana. Akakipiga picha, akairudia, akairudia tena, akanitumia zote. Zinafanana zenyewe kwa zenyewe, na zinafanana na chuma. Kosa ni chini ya unywele. Akaongeza na meno yake mwenyewe na ya mke wake pamoja na plasta zao. Kijani, kijani, kijani. Nikarudi kwenye sanamu yako, maana plasta nayo huweza kutanuka kidogo inapokauka. Nimeipima kwa mkono, nimeipima kwa mashine ya maabara. Haina neno.

Mwalimu alisimama nyuma yangu akazitazama rangi zote. Kisha akasema, "Basi tumeitukana mashine bure. Skana haikukosea. Mgonjwa ndiye siye." Akaondoka taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu.

Nikaangalia kaakaa, pale juu nyuma ya meno ya mbele, ambapo nyama ina mikunjo. Mikunjo hiyo kila mtu ana yake, kama alama za vidole. Yako naijua. Hii inafanana na yako kama mtu anayeiga sauti yako: anakaribia, anakaribia sana, lakini siyo wewe.

Mdomo huu ni wa nani?

Na kwa nini? Nimewaza mpaka nimechoka. Simu hutaki, umesema ni mtandao. Video hutaki. Kuna binti stesheni anatangaza badala yako, na kila barua unamtaja kwa nusu mstari au humtaji kabisa. Hata dakika chache za kukaa kwenye kiti kwa ajili yangu umeona ni nyingi, ukatuma mtu. Kama umechoka kunisubiri, niambie kwa maneno yako. Usinitumie meno ya mtu.

Mkeo, kama bado ni hivyo

---

27 Machi

Shemeji,

Mimi si mtu wa kuandika, mimi ni kinyozi, kalamu kwangu ni ya kumchorea mteja mstari wa nywele. Kaka hajui kama nimeshika karatasi hii. Ameiacha barua yako mezani akatoka nje, akasimama uani bila mwavuli. Nikaisoma. Nisamehe.

Shemeji, mdomo ni wangu.

Nilikaa kwenye kile kiti, yule msaidizi akaniita kwa jina la kaka, nikaitika. Daktari Mrefu alikuwa na mgonjwa chumba cha pili, sikuonana naye. Nilidhani meno ni meno. Watu wote wanasema tumefanana. Nani angejua kuna mashine inayomjua mtu kuliko mama yake?

Sasa sikiliza ukweli. Mwaka ulipokuwa unakwisha, mvua ilinyesha hapa, kaka akawa anamsaidia mama mmoja mzee kushusha begi kwenye ngazi za jukwaa. Akateleza. Begi lilipona, mama alipona, kaka akapiga mdomo kwenye ukingo wa ngazi. Meno matatu ya mbele juu yametoka. Kidonda kimepona, lakini maneno hayatoki sawa. Akitaka kusema "saa sita" unatoka upepo. Siku ya kwanza aliporudi kazini alitangaza "safari" na vijana wa mizigo wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya. Akazima kipaza sauti, akaomba ahamishwe stoo ya mizigo. Yupo huko mpaka leo, anabandika karatasi kwenye vifurushi. Binti unayemwogopa ana mchumba, dereva wa treni, na harusi yao mimi ndiye nitakayemnyoa bwana harusi.

Nilimwambia kaka, mweleze mkeo, si ndiyo kazi yake? Akanijibu, "Nilipopasuliwa tumbo aliacha nafasi ya kwanza ya masomo, akaja kukaa kitandani kwangu. Hii ni ya pili. Akijua, atafungasha siku hiyo hiyo." Ndiyo hayo, shemeji. Ndiyo maana ya barua. Ndiyo maana ya mimi kupigwa picha.

Nisamehe na kwa hilo pia. Na kama uliona jino bovu huko nyuma, nijulishe.

Shemeji yako

---

4 Aprili

Mume wangu,

Shemeji ameniandikia. Usimgombeze. Ukimgombeza, nitakuja kumtetea.

Nimelia, kisha nikacheka, kisha nikakasirika, na sasa niko katikati. Unajua umenifanya nini? Wiki nzima nimemtazama shemeji mdomoni kwa mapenzi! Nimemwamkia asubuhi! Nimewaambia wenzangu, "Tazameni tabasamu la mume wangu," na lilikuwa la kinyozi. Mwambie ana tundu kwenye gego la kulia, akalizibe.

Ulichonikosea si kuanguka. Ulikaa na maumivu chumba kile tulichokipaka rangi pamoja, ukameza supu peke yako, na mimi, ambaye kazi yangu ni meno, nikawa mtu pekee asiyeruhusiwa kujua. Nilikuwa nakufikiria vibaya, nawe ulikuwa unabandika karatasi kwenye vifurushi. Hilo litaniuma muda mrefu.

Lakini sifungashi. Ulikuwa sahihi, zamani ningefungasha. Safari hii nabaki nimalize, na wewe utanisaidia kubaki.

Nenda kwa Daktari Mrefu, wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Nimeshamwambia kila kitu. Akupige picha. Pengo la meno matatu yenye majirani pande zote mbili ni safari fupi kwa skana, hapo haipotei njia. Nitakutengenezea meno ya muda hapa maabara, ya kuvaa na kuvua, kwa mkono wangu. Kisha uje nikuvishe. Picha inanipa umbo, lakini hainipi unavyouma, wala unavyofunga midomo, wala neno linavyopita. Hayo nayapata wewe ukiwa mbele yangu unaongea. Meno hayavaliki kwa barua.

Mkeo

---

18 Aprili

Mke wangu,

Nimekwenda. Daktari Mrefu alinifungulia mwenyewe, akainama kupita mlango wake, akanishika bega, akanikalisha kwenye kiti. Picha umeshapata.

Nisamehe. Nilidhani nakulinda, kumbe najilinda mimi. Acha nikwambie ambalo sikumwambia hata mdogo wangu. Jioni wenzangu wakiondoka stoo, nafunga mlango natangaza kwa vifurushi. "Abiria wa treni ya saa sita." Narudia mpaka midomo inachoka. Herufi nyingine zimerudi. Zile za upepo zimekataa, na kila nikizijaribu nasikia mzee wa kijiweni, simsikii yule aliyekwambia usogee. Wewe ulikubali kuolewa na sauti. Uso ulikuja baadaye, na nadhani uliuvumilia tu.

Kwa hiyo nakuomba. Kuja nitakuja, stesheni wamenipa likizo na tiketi ya mfanyakazi. Lakini si hivi. Wenzako huko wameshaambiwa watazame tabasamu langu. Tuma meno kwa kondakta, niyavae, hata yakibana nitavumilia. Nikishakuwa mzima nitapanda treni siku hiyo hiyo.

Mumeo

---

2 Mei

Mume wangu,

Nilisubiri wenzangu watoke kwenda kula ndipo nikakufungua.

Nimeliona pengo. Ufizi umepona vizuri, umefunga kama kitambaa kilichoshonwa na fundi mwenye subira. Nililitazama muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kushtuka, nikangoja nishtuke, sikushtuka. Kisha nikakulalisha juu ya plasta yako, kompyuta ikafikiri, ikaanza kupaka rangi. Pale mbele, panapokosekana meno, nyekundu. Kwingine kote, kuanzia chonge mpaka gego la mwisho, kulia na kushoto, mpaka mikunjo ya kaakaa: kijani kitupu. Nikaweka kichwa mezani nikalia mpaka mwalimu akaingia. Nikamwambia, "Huyu ndiye." Akasema, "Naona."

Meno yamekamilika. Nimechagua rangi kwa kumbukumbu, si nyeupe ya kung'aa, ile yako ya mpenda chai. La kwanza na la pili nimeyapishanisha kama zamani. Yako mbele yangu hapa kwenye kikasha, na sitayatuma.

Ukiyavaa huko yakikubana, utavumilia kama ulivyovumilia mengine, na utaniandikia kwamba yako sawa. Nakujua sasa. Halafu utashuka kwenye treni ukiwa umetengenezwa, nami nitapewa kilichobaki cha kukipenda. Sitaki. Miezi yote ya kwanza baada ya kidonda ilikuwa yako peke yako. Hii iliyobaki nipe na mimi.

Unasema niliolewa na sauti. Nililetwa na sauti. Nilibaki kwa sababu ya mtu aliyekuwa ananunua vitunguu vingi.

Njoo na pengo lako.

Mkeo

---

17 Mei, getini

Mke wangu,

Mlinzi wenu amenipa kipande hiki cha karatasi na kalamu isiyoandika vizuri. Wageni hawaruhusiwi kupanda ghorofani, na simu yako imezimwa, nadhani uko maabara huko juu. Amesema atakuletea.

Njiani nilikuwa nimeamua kutofungua mdomo mpaka nikuone. Ndani ya treni nikapiga mwayo, na mtoto mmoja akaniuliza meno yangu yameenda wapi. Nikamwambia yametangulia mbele, namfuata mke wangu aliyeyashika. Behewa zima likageuka kusikiliza. Nikajikuta nawasimulia mpaka hapa, na upepo wangu wote. Hakuna aliyeshuka.

Hapa getini mlinzi ameniuliza nimemfuata nani. Jina lako lilinishinda, herufi yake ya kwanza ni mojawapo ya zile zilizokataa. Nilijaribu, akatega sikio. Nikajaribu tena, akasema, "Sikupati, mzee." Basi nikaacha jina, nikamwambia, "Mke wangu." Yametoka safi, kila herufi, kama natangaza. Akaelewa papo hapo, maana ulikuwa umemwachia habari kwamba mumeo anakuja.

Nimekaa kwenye benchi chini ya nguo zilizoanikwa. Shuka uje.